Si Ule Sponsa Unafikiria: Rada ya Mashindano ya Roboti, Doh za Kampuni na Mbogi ya Garsen

Neno "sponsa" tuliliharibu wenyewe hapa Kenya. Mwambie mathe wako umepata sponsa uone: atakaa chini kwanza, kisha akuulize huyo mtu ana miaka mingapi na kama bibi yake anajua. Lakini kuna sponsa mwingine, yule wa kampuni, wa nembo kwa tisheti na cheki ya kadibodi kubwa kama mlango. Bila huyo, ni ngumu sana timu ya shule kutoka kwao iende kushindana na roboti mbali. Na kama tu yule wa kwanza, hakuna chenye anatoa bure. Swali ni kama unajua anataka nini, na kama wewe umeshasema unataka nini.

Naandika hii nikifikiria msee fulani ako Garsen, Minjila ama Tarasaa. Pengine ni mwalimu wa fizikia, pengine amemaliza form four juzi na anatengeneza simu pale steji. Ako na watoto kumi wenye wakiona redio imekufa wanaifungua kabla mwenyewe aseme sawa. Amesikia kuna mashindano ya roboti na kampuni zinalipia timu. Anataka kujua aingilie wapi. Buda, keti.

Kwanza, hawa wanashindana nini?

Toa akilini zile roboti za kupigana za TV. Shindano lenye limeenea sana kwa watoto linaitwa FIRST LEGO League. FIRST ni shirika la Marekani lililoanzishwa 1989 na Dean Kamen, yule jamaa wa kubuni Segway, ile mashine ya magurudumu mawili unasimama juu yake kama askari wa mall. Baadaye wakashikana na LEGO ndio watoto wadogo wapate lao. Timu haizidi watoto 10. Roboti inawekwa juu ya meza, mechi ni dakika mbili na nusu, na hakuna rimoti. Roboti inajiendesha kwa programu yenye watoto wameandika. Ikikwama katikati ya meza, kuishika kunawagharimu alama.

Hapo wengi husimama, wanafikiri ni hiyo meza tu. Manze, meza ni robo ya alama. Robo nyingine ni venye mliunda roboti na mnaweza kueleza kwa nini. Robo nyingine ni venye mlifanya kazi pamoja. Na robo ya mwisho ni mradi: mtafute shida ya kweli, mtengeneze suluhisho, muende muongee na watu wenye hiyo shida inawauma. Shika hiyo ya mradi, tutairudia.

Juu yake kuna FIRST Robotics Competition ya wa sekondari. Ilianza 1992 na timu 28 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja kule New Hampshire. Siku hizi kuingia msimu mmoja ni karibu dola 6,000, na hapo hujanunua hata skrubu. Ndio maana kule Marekani jina rasmi la timu ni orodha ya wafadhili waliotoa doh, mmoja baada ya mwingine, halafu jina la shule linakuja nyuma kama tela. Wao hawaoni noma. Na kampuni nyingi hazitumi doh peke yake, zinatuma wahandisi wao wakae na watoto jioni baada ya shule. Hapo ndipo utamu uko, na hapo ndipo sisi hukosa kuitisha.

Alafu kuna FIRST Global Challenge, ile ya nchi kwa nchi: kila nchi timu moja, vijana wa miaka 14 hadi 18, na kila timu inatumiwa vipuri sawa. Ilianza Washington 2017, na miaka iliyofuata ikapita Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore, Athens hadi Panama 2025. Ule mwaka wa kwanza mchezo ulikuwa wa maji, roboti zikitenganisha mipira ya maji safi na ya maji machafu. Wasichana wa Afghanistan walinyimwa visa mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho. Timu ya Gambia pia ilinyimwa kwanza. Roboti ilikuwa tayari, njia ndiyo haikuwa.

Njia yenyewe

Hapa kwetu, mlango wenye uko wazi kwa sekondari yoyote ni Kenya Science and Engineering Fair, ile wazae wetu waliita Science Congress. Unaanza kaunti ndogo, unapanda kaunti, unapanda kanda, kisha taifa, na siku hizi roboti ziko na kitengo chao. Kuna pia Young Scientists Kenya, ya serikali yetu pamoja na ya Ireland, yenye maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa yalifanywa 2018.

Sasa lalisha hiyo ngazi juu ya ramani ya Tana River. Makao makuu ya kaunti ni Hola, karibu kilomita 100 kutoka Garsen. Ukishinda Hola unaingia kanda ya Pwani, kaunti sita kutoka Taita Taveta hadi Lamu. Mombasa peke yake iko zaidi ya kilomita 200. Hesabu watoto wanne, mwalimu mmoja, usiku mbili za kulala, chakula, na roboti yenye hauwezi kurusha juu ya keria ya matatu na mizigo ya watu. Hiyo ni raundi moja tu. Kushinda kunakuletea bili kubwa zaidi. Kuna timu zenye zinaombea kushindwa kwa heshima.

Na vipuri je? Timu ya Nairobi ikichoma mota Jumanne, mtu anatumwa Luthuli na boda, anarudi kabla chai ipoe. Timu ya Garsen ikichoma mota Jumanne, inaagiza kwa simu, inatuma M-Pesa, inangoja mzigo wa basi, na ikipata imeletewa saizi tofauti, basi wikendi imeisha. Kwa hivyo Garsen haihitaji mota nne. Inahitaji nane. Hii ni hesabu yenye mtu wa ofisi ya Nairobi hataiwaza mwenyewe, lazima uiandike kwa barua.

Chenye Garsen wako nacho na Nairobi hawana

Turudi kwa ule mradi. Majaji wa mashindano haya wamechoka na pipa la taka la kujifungua. Kila mwaka pipa. Wanataka shida yenye mtoto anaijua mpaka harufu.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000. Huko juu kuna mabwawa ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likijaa na kumwagika, Garissa inalia kwanza, kisha Hola, na siku kadhaa baadaye maji yanafika Garsen hata kama mawingu ya Garsen yenyewe hayajatoa tone. Novemba 2023 wakati wa El Niño, na tena Aprili na Mei 2024, watu walihama, mashamba yakaenda, na barabara ya Lamu ikamezwa na maji pale Lango la Simba.

Hizo siku kadhaa kati ya Masinga na Garsen ndio dhahabu. Kifaa cha kupima kina cha mto, chenye kinatuma SMS, kinaweza kuundwa na watoto wa form two. Unachukua sensa ya sauti, ile ya macho mawili inaitwa HC-SR04. Inapiga mlio wenye sikio halisikii, inangoja mwangwi, inahesabu muda. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.01, sauti imetembea mita 3.4 kwenda na kurudi, maana yake maji yako mita 1.7 chini ya sensa. Ifunge ikiangalia mto. Namba ikipungua, mto unapanda.

Rahisi, si ndio? Sasa sikiza. Ile 340 ni ya hewa ya nyuzi 15. Garsen mchana wa jua kali ni nyuzi 35, na hapo sauti inakimbia karibu mita 352. Ukinakili programu ya mtu wa Ulaya kwa YouTube, maji yakiwa mita 3 chini, kifaa chako kitasema mita 2.9. Sentimita 10 za uongo. Usiku hewa inapoa na uongo unapungua. Mtu mwenye anaangalia hiyo grafu akiwa Nairobi ataapa kwamba mto unapanda mchana na kushuka usiku, kama bahari ya Kipini. Dawa ni sensa ndogo ya joto kando yake na mstari mmoja wa hesabu: kasi ya sauti ni 331 ujumlishe 0.6 mara nyuzi za joto. Jambo lingine, hiyo sensa ya kawaida inasoma mpaka mita 4 tu na haipendi kuloa, kwa hivyo unatafuta ile ya kuzuia maji na unachagua mahali pa kuifunga kwa akili, si popote kwa daraja.

Nani atagundua hizi vitu? Mtoto mwenye ameenda mtoni saa nane mchana akaona kamba ya kupimia inasema kitu kimoja na kifaa kinasema kingine. Hiyo safari ya mtoni ndio jaji anatoa alama, na hakuna shule ya Karen inaweza kuinunua.

Kuna zaidi. Mkulima Mpokomo mwenye migomba yake iko ukingoni anataka onyo ndio avune kabla maji yafike. Mfugaji Muorma mwenye ng'ombe wako delta wakati wa kiangazi anataka onyo pia, lakini lake linafaa kuja mapema zaidi, ju mifugo haihami kwa saa moja. Namba ni moja, SMS ni mbili. Timu yenye iko na watoto wa pande zote mbili itajua hiyo bila kufundishwa.

Keriko walifanyaje?

Kama unasema shule ya mashambani haiwezi kufika mbali, wacha nikupeleke Njoro, Nakuru. Kuna kijiji kinaitwa Pwani, ingawa bahari huko ni ya kuona kwa simu. Shule yao, Keriko Mixed Day, ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Mwalimu wao wa sayansi, Peter Tabichi, alikuwa anaenda saiba kuchukua masomo, anayahifadhi, anawaletea. Wanafunzi wake walitengeneza kifaa cha kusaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakang'aa kwa Kenya Science and Engineering Fair ya 2018, na wakapata nafasi ya kwenda ISEF kule Arizona 2019. Mwaka huo huo Tabichi akashinda Global Teacher Prize, dola milioni moja.

Kila mtu alisherehekea venye huyo mwalimu alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu. Na ni mtu wa heshima, hakuna ubishi. Lakini hiyo si mpango. Ukisoma hiyo stori na ukahitimisha kwamba mwalimu wa Garsen naye atoe payslip yake, umeisoma vibaya. Mwalimu hafai kuwa sponsa.

Sasa angalia kitu kidogo chenye wengi hawakuona. Ile ISEF ya Arizona ilikuwa ya mwisho kuitwa Intel ISEF. Intel walikuwa wameishikilia tangu 1997, wakatoka, na kuanzia 2020 jina likawa la Regeneron, kampuni ya dawa. Hilo shindano ni kubwa, lilipata mwingine. Timu ya shule yako ikiachwa, nani anakuja? Ireland wao wamekuwa na maonyesho ya wanasayansi chipukizi tangu 1965. Yalianza na jina la Aer Lingus, yakakaa na BT mpaka 2025, na 2026 yakachukuliwa na Stripe. Stripe ilianzishwa na ndugu wawili, na mmoja wao, Patrick Collison, alishinda maonyesho hayo hayo 2005 akiwa kijana wa shule. Hiyo ndio faida ya sponsa kukaa: miaka 20 baadaye mtoto wa shindano anarudi akiwa na kampuni.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa kampuni si "mtatupa ngapi". Ni "mtakaa miaka mingapi". Mwaka mmoja ni tangazo la biashara. Watoto wanajifunza kuwasha taa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ndio roboti inaenda moja kwa moja, na mwaka wa tatu wale wa form two wanafundishwa na wa form four. Ukikatwa mwaka wa kwanza umebaki na tisheti.

Swali la pili ni vifaa. Kampuni zinapenda kuleta masanduku ju masanduku yanapigwa picha vizuri. Uliza betri ya pili itanunuliwa na nani, hasa kwa joto la Garsen, ju betri za lithiamu zikiachwa kwa chumba cha mabati zinafura kama andazi. Uliza kama vipuri vitapatikana miaka mitatu ijayo. LEGO wenyewe walitangaza 2022 kwamba wanaachana na Mindstorms, ile seti yenye nusu ya dunia ilijifunzia. Seti bado zinafanya kazi, lakini kipande kikipotea ni kuomba Mungu. Ndio maana mimi ningeanza na Arduino na vipuri vya kawaida, vyenye fundi wa redio wa Garsen anaweza kuchomelea. Na kama unafikiri vifaa peke yake vinatosha, pitia shule ya msingi iliyo karibu nawe uulize zile tableti za serikali za 2016 ziko kabati gani.

Swali la tatu ni watu. Itisha mhandisi mmoja wa kampuni, hata kwa simu, saa moja kila wiki mbili. Uganda, Fundi Bots ya Solomon King Benge imekuwa ikifundisha roboti mashuleni tangu 2011, na nguvu yake ni kurudi darasani, si siku ya kombe. Tanzania nao, washindi wa Young Scientists Tanzania wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu kutoka Karimjee Jivanjee Foundation. Mimi mwenye niliacha college nakuambia, hiyo ya mwisho si kitu kidogo.

Kabla useme cheese

Shule ya umma inasimamiwa na bodi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema bodi ndiyo inapokea na kuhesabu pesa za shule. Doh ya sponsa isiingie kwa M-Pesa ya mwalimu, hata kama mwalimu ni malaika. Siku moja mtu atauliza, na malaika atakosa risiti.

Picha ndio kubwa. Kampuni itataka sura za watoto kwa mabango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi ama mlezi. Septemba 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila hiyo ruhusa. Andaeni fomu, kwa lugha yenye mzazi anaelewa, na iseme picha itatumika wapi na kwa muda gani. Mzazi akikataa, mtoto abaki kwa timu. Kampuni ikisema bila sura yake hakuna doh, hapo sasa umekutana na ule sponsa mwingine.

Uende kwa nani? Usitume barua moja kwa kampuni 50. Tafuta wenye maji ya Tana yanawagusa. KenGen ndio wenye stima za Seven Forks, na kupitia wakfu wao wameshafadhili shindano la shule la kupanda miti lenye lilianzia Kitui, Machakos na Embu, yaani watu wa huko juu ya mto. Wanajua mashindano ya shule ni nini. Timu ya huku chini ikiwaandikia kuhusu kifaa cha kupima maji yaleyale, hiyo si kuomba, ni biashara. Alafu benki yenye iko na tawi ama ajenti mjini, na Safaricom, ju SMS zako zitapita kwao.

Na uangalie kalenda. Raundi za sayansi huanza muhula wa kwanza, lakini barua ya Februari inakutana na bajeti imeshapangwa. Mwaka wa hesabu wa Safaricom huisha Machi, wa KenGen huisha Juni, wa benki huisha Desemba. Benki iandikie Septemba, Safaricom kabla ya Krismasi, KenGen Februari kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ukurasa mmoja, muhuri wa shule, saini ya mwenyekiti wa bodi, na bajeti ya miaka mitatu yenye mota nane.